Lenzi ya sklera na kiputo cha hewa
Dada, umeuliza kwa nini ukivaa lenzi yako ya sklera, ile lenzi kubwa ya kuvaa inayokaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho (una keratokonasi, yaani konea, kioo cha mbele ya jicho, imekuwa nyembamba na kuchongoka), unaona duara jeusi linalohamahama. Hicho ni kiputo cha hewa. Jaza lenzi salini (maji safi ya chumvi ya macho) isiyo na kihifadhi mpaka itune juu ya ukingo, inamisha uso utazame sakafu kabisa, shika kope zote mbili, sukuma moja kwa moja. Wengi huinua kichwa mapema, salini inamwagika. Kiputo kikibaki, vua ujaze upya, maana konea hukauka hapo. Maji ya bomba usitumie kwenye lenzi, hata kusuuzia: huweza kuwa na akantamiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho ni balaa kwa jicho. Kuvua, bandika kipira cha kunyonya karibu na ukingo, si katikati.