Maswali ya Wasomaji: Taa ya Injini na Mvuke wa Petroli Unaovuja

SWALI: Ndugu Mhariri, nina pikapu ya petroli ambayo taa yake ya injini iliwaka wiki kadhaa zilizopita. Niliazima kwa jirani skana, yaani kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, nikapata msimbo P0442, ambao maelezo yake ni uvujaji mdogo katika mfumo wa mvuke wa petroli. Nilinunua kifuniko kipya cha tangi, nikaufuta msimbo, na taa ikazimika. Furaha yangu ilidumu wiki mbili tu. Jana asubuhi taa imewaka tena na msimbo ni ule ule. Gari halijapungua nguvu, halili mafuta kupita kawaida, wala sisikii harufu ya petroli. Je, ninaweza kuitafuta hitilafu hii mwenyewe nyumbani? Na kwa nini kifuniko kilifanya kazi, kisha kikaacha?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuongoza katika la kwanza. Yamkini kifuniko hicho hakikuwahi kufanya kazi yoyote. Kilichoizima taa ni skana, na zile wiki mbili ni muda ambao kompyuta ya gari iliuhitaji ili kupata nafasi ya kuupima mfumo upya. Kipimo chenyewe hakifanyiki kila unapowasha gari. Katika magari mengi kompyuta husubiri injini iwe imelala hadi ikapoa kabisa, joto la nje lisiwe kali mno wala baridi mno, na tangi lisiwe tupu wala kujaa, yaani liwe takriban kati ya robo na robo tatu. Zaidi ya hayo, kwa kawaida taa haiwaki mpaka kipimo kishindwe katika safari mbili zinazofuatana. Mwenye gari anayejaza tangi hadi pomoni kila mara, au anayewasha na kuzima injini mara nyingi kwa siku, anaweza kukaa muda mrefu akidhani amepona ilhali hakuna kilichopimwa.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limeegeshwa, na mvuke huo ukiachwa upae hewani huchangia ule ukungu mchafu unaotanda juu ya miji wakati wa jua kali. California ilianza kuwalazimisha watengenezaji kuuzuia katika magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata mwaka 1971. Tangu hapo mvuke wa tangi hupelekwa kwa mipira hadi kwenye kopo lililojaa punje za mkaa, ambazo huukamata na kuuhifadhi. Injini inapofanya kazi, vali ya kunyonyea, ambayo mara nyingi iko karibu na injini, hufunguka ili mvuke uvutwe na kuchomwa pamoja na petroli nyingine. Vali ya pili, ya kupumulia, hukaa karibu na kopo na kuruhusu hewa safi iingie kuchukua nafasi ya mvuke uliotoka. Wakati wa kupima, kompyuta huifunga vali ya kupumulia, huitumia vali ya kunyonyea kuvuta hewa kidogo kutoka kwenye tangi, kisha huzifunga zote mbili na kuangalia kama mvuto huo unadumu. Yako magari yanayotumia pampu ndogo badala ya mvuto wa injini, lakini wazo ni lile lile: mfumo ukifungwa, usivuje.

Sasa uuangalie msimbo wako kwa jicho hilo. P0442 haisemi kifuniko kibovu, wala vali mbovu, wala kopo bovu. Inasema kwamba mvuto ulipungua kwa kasi inayolingana na tundu la takriban milimita 1. Ndugu yake P0456 huhusu tundu dogo zaidi, la takriban nusu milimita, na P0455 huhusu uvujaji mkubwa, kama vile kifuniko kilichosahaulika au mpira uliochomoka. Msimbo hutaja dalili, nasi kwa haraka zetu tunausoma kama jina la kipuri. Nimeona gari lililobadilishiwa kifuniko, vali zote mbili na kopo la mkaa, kwa mpangilio huo huo, na mwishowe ufa ukakutwa kwenye mpira mfupi usiozidi urefu wa kidole.

Kuhusu swali lako la kwanza, ndiyo, sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuifanya nyumbani, mradi uheshimu petroli. Fanya kazi nje, injini ikiwa baridi, bila sigara wala moto wowote karibu. Tumia tochi ya betri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kukusanyika mahali ambapo hata hukufikiria. Ukilazimika kuingia chini ya gari, liweke juu ya stendi imara, na usiuamini mwili wako kwa jeki peke yake. Na kabla ya kufuta msimbo tena, soma kumbukumbu ambayo kompyuta iliihifadhi taa ilipowaka, kwani mara nyingi huonyesha kiasi cha mafuta, joto na mwendo wa wakati ule. Ukiufuta msimbo, kumbukumbu hiyo nayo hupotea.

Anzia mdomoni mwa tangi, kwa kuwa kifuniko kipya hukaa juu ya mdomo wa zamani. Katika pikapu nyingi shingo ya tangi hupita juu ya gurudumu la nyuma, mahali panaporushiwa matope na maji miaka yote, na kutu huila taratibu. Pitisha kidole kwenye ukingo ambao mpira wa kifuniko hukalia. Ukihisi kovu, kutu au mchanga, ufute kwa kitambaa safi kisha uangalie tena. Usipige msasa, maana chembe zitaangukia ndani ya tangi. Kikague na hicho kifuniko kipya. Kufunga vizuri kwenye nyuzi hakutoshi, kwa sababu kifuniko cha gari lenye mfumo huu kina vali yake ndogo ndani na mpira wa kipimo maalumu, na vingine vinavyouzwa kwa kufanana umbo havizibi sawasawa. Kama cha zamani bado unacho na mpira wake haujapasuka, usikitupe kwanza.

Kutoka hapo ufuate mpira mmoja mmoja, kuanzia kwenye shingo hadi kwenye kopo, na kutoka kwenye kopo hadi kwenye injini. Usiridhike kwa kutazama. Ukunje mpira taratibu karibu na ncha zake, kwani hapo ndipo hukauka na kupasuka mapema, na ufa wa namna hiyo hujificha mpira ukinyooka. Angalia pia alama za meno ya panya. Vali ya kupumulia yastahili muda wako zaidi, kwa sababu katika pikapu nyingi imefungwa kwenye chasisi nyuma, ambako hula vumbi la barabara kila siku. Vali hii ikiwa haina umeme huwa wazi, na ikipata volti 12 hufunga. Ichomoe, iondoe garini, uipeleke mbali na mvuke wowote ndipo uiunganishe na betri, kwa maana cheche ndogo wakati wa kugusisha waya yatosha kuleta maafa. Isipokuwa na umeme, pumzi yako ipite bila shida. Ikiwa na umeme, isipite hata kidogo. Ikivuja kidogo ikiwa imefungwa, basi huenda umempata mwizi wako, na mara nyingi ni vumbi lililokaa kwenye kiti cha vali. Wadudu nao wana sehemu yao katika mambo haya. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda ililazimika kuyaita gereji magari zaidi ya 50,000 ya aina ya Mazda6 nchini Marekani, kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakijenga utando ndani ya mpira wa kupumulia wa mfumo huu huu.

Vali ya kunyonyea hupimwa kinyume chake: bila umeme imefungwa, ikipata umeme hufunguka na utasikia mlio mdogo. Unapoiondoa, igonge taratibu juu ya karatasi nyeupe. Zikidondoka punje nyeusi, jua kwamba kopo la mkaa limevunjika ndani na linamwaga mkaa kwenye mipira. Hapo kubadilisha vali pekee ni kupoteza juhudi, kwa kuwa vali mpya itajaa punje zile zile.

Kuna swali moja ambalo ningekuuliza kama tungekuwa tumesimama wote kando ya gari: je, pampu ya petroli iliwahi kufunguliwa hivi karibuni? Pampu hukaa ndani ya tangi, ikiingizwa kutoka juu, na tundu lake huzibwa kwa duara la mpira. Duara hilo likirudishwa la zamani, au likijikunja wakati wa kufunga, huvuja mvuke bila kuvuja petroli, na hakuna harufu kubwa itakayokuonya. Kama jibu ni ndiyo, anzia hapo na uyaache yote niliyotangulia kuyasema. Hapa mwenye pikapu ana nafuu kuliko mwenye gari dogo, kwani badala ya kulishusha tangi zito, mara nyingi inawezekana kufungua boliti za bodi ya mizigo na kuiinua kwa msaada wa watu wawili watatu, baada ya kuchomoa nyaya za taa na kuifungua shingo ya tangi. Juu ya tangi ndipo utakapoona mipira na viungio ambavyo ukiwa chini ya gari huwezi kuvifikia hata kwa kioo.

Usipokiona chanzo baada ya yote hayo, peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya moshi, naye atapuliza moshi ndani ya mfumo na kutazama unakotokea. Kwa kazi hii moja sishauri ubunifu wa nyumbani. Mashine hiyo hutumia shinikizo dogo sana, chini ya psi 1, ilhali kompresa ya kujazia matairi inaweza kufika psi 100 na zaidi, kiasi cha kupasua kopo na kuharibu kihisi cha shinikizo cha tangi. Ama zile njia za kuchoma kitu ndani ya mkebe na kuuelekeza moshi wake kwenye tangi la petroli, sitazieleza.

Ukishatengeneza, ufute msimbo mara moja, weka mafuta hadi nusu tangi, acha gari lilale usiku kucha, na asubuhi uliendeshe kwa utulivu. Rudia hivyo siku kadhaa. Skana nyingi huonyesha kama kipimo cha mvuke kimekamilika au bado. Mpaka kikamilike, taa iliyozimika haithibitishi chochote. Ukiamua kutoufuta, taa itazimika yenyewe baada ya vipimo vitatu mfululizo vilivyofaulu. Wakati wote huo unaweza kuendelea kulitumia gari, isipokuwa ukisikia harufu kali ya petroli au kuona tone chini, kwani hapo tatizo si la mvuke tena na gari halipaswi kuwashwa.

SWALI: Mimi pia nina pikapu, nayo huwaka vizuri siku zote ila nikitoka tu kujaza mafuta. Hapo hukohoa, hutikisika, na wakati mwingine huzimika mara mbili kabla ya kutulia. Juzi taa ya injini imewaka. Je, ni petroli mbaya?

JIBU: Petroli mbaya isingengoja siku ya kujaza tu na kukuacha kwa amani siku nyingine zote. Dalili zako zinaelekea kwenye vali ya kunyonyea iliyokwama ikiwa wazi. Unapojaza tangi, mvuke mwingi husukumwa kuelekea kwenye kopo, na vali isipofunga, mvuke huo huvutwa moja kwa moja hadi ndani ya injini, ambayo hulemewa na mafuta kupita kiasi wakati wa kuwaka. Injini ikiwa inazunguka taratibu, chomoa soketi ya umeme ya vali hiyo, toa mpira unaotoka upande wa kopo, na uweke kidole kwenye mdomo wa vali. Usihisi mvuto wowote. Ukihisi, vali haifungi na yapasa kubadilishwa, baada ya kufanya ile hila ya karatasi nyeupe niliyoieleza hapo juu. Chunguza pia tabia yako ya kujaza. Mashine ya kituo ikijikata yenyewe, tangi limejaa. Ukiendelea kubonyeza ili kuongeza kidogo kidogo, petroli yenyewe huweza kupanda hadi kwenye kopo na kuulowesha mkaa, na mkaa uliolowa hauwezi tena kuukamata mvuke.

SWALI: Taa ya injini ya lori langu la dizeli imewaka. Nibadilishe kifuniko cha tangi?

JIBU: Hapana. Dizeli haitoi mvuke kwa wingi kama petroli, hivyo lori lako halina kopo la mkaa wala vali hizi. Soma msimbo kwanza, kisha utuandikie tena ukiutaja pamoja na dalili unazoziona.