Barua kwa mwanangu: Kolo haitoshi siku moja

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kama unaweza kuwaleta wenzako wa kazini Kolo, huku Kondoa, asubuhi, muone michoro ya miambani, jioni mrudi Dodoma. Lami inaruhusu, lakini mtaona mwamba mmoja na kugeuza. Tengeni siku mbili, usiku mlale Kondoa mjini.

Anzieni ofisi ya Mambo ya Kale, hapo hapo Kolo kwenye barabara kuu ya Babati. Mtalipa kiingilio na kupewa mtu wa kuwaongoza. Msipande bila yeye, maana michoro haiko kijijini. Imetawanyika kwenye vilima vya Irangi, na mgeni hupita chini ya mwamba asijue.

Siku ya kwanza iwe ya Mungumi wa Kolo, miamba yenye michoro iliyo juu ya kilima. Njia inataka gari la juu, kisha mnamalizia kwa miguu kwenye mwinuko mkali. Vaeni viatu vinavyoshika, na kila mmoja abebe maji yake. Mtaona watu wembamba warefu, twiga na pofu, kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma. Michoro myeupe iliyo juu ya ile myekundu ni ya baadaye. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Nakuomba sana: asiwepo wa kumwagia mwamba maji ili picha ing'ae. Maji huondoa rangi na kuacha chumvi inayoufunika mchoro. Vidole navyo vina mafuta. Mashimo mtakayoyakuta yamechimbwa na wanaotafuta mali wanayoamini Wajerumani waliificha. Yameharibu tabaka ambazo wataalamu wangezisoma. Na pale Mungumi watu bado wanatambika, kwa hiyo mkikuta vitu vya tambiko, viacheni.

Kesho yake nendeni Pahi, kuna miamba mingine yenye michoro, kisha Haubi mkaone ziwa. Njiani tazameni makorongo. Ardhi ile ilimomonyoka vibaya hadi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa. Miti unayoiona leo imeota baada ya hapo. Kwangu mimi, hilo lina uzito sawa na michoro yenyewe.

Msije kati ya Desemba na Aprili. Mvua ikinyesha milimani, korongo kavu hujaa ghafla, na gari likinasa kwenye mchanga halitoki.

Mama yako