Kocha, nianze na helmeti au pedi?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi kijana wa miaka 24, niko Upanga, Dar. Nimecheza kriketi ya mpira wa tepu kama miaka mitatu hivi, kila jumapili na washkaji, sasa kuna jamaa wamenivuta kwenye timu yao ya wikiendi na kule wanatumia mpira wa ngozi. Wananiambia begi la timu lina kila kitu nisijisumbue, ila nilipolifungua niliguna. Hela niliyonayo inatosha vitu viwili, vikizidi sana vitatu. Mmoja anasema nianze na pedi (zile kinga za miguu), mwingine anasema helmeti ni ya waoga. Halafu mimi nabati (napiga mpira) kwa kushoto. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huko kuguna umeguna vizuri, maana mabegi ya timu nayajua, unafungua zipu linakupokea jasho la msimu mzima, pedi zimebaki tatu ya nne haijulikani iko kwa nani, glavu zimekauka kama ndizi zilizosahaulika juani, na kule chini kabisa kuna boksi moja la plastiki, kile kikombe cha kukinga sehemu za siri, ambalo mpigaji akitolewa analichomoa anamkabidhi anayeingia, bado la moto.

Sasa mimi kanuni yangu ni moja tu: kitu kinachogusa mwili wako moja kwa moja kiwe chako, kile kinachokaa juu ya suruali unaweza kuazima. Kwa hiyo anza na boksi. Najua mtacheka ila ndilo la bei ndogo kuliko vyote na ndilo halina mjadala. Livae ndani ya chupi ya kubana au ile yenye mfuko wake, kisha chuchumaa, ruka ruka, kimbia hatua kumi ukiwa umeinama, likicheza hata kidogo badilisha, kwa sababu boksi linaloyumba mpira ukilipiga ule ukingo ndio unabana kile ulichokuwa unakilinda. Siongezi neno hapo, nina ushahidi binafsi.

Cha pili helmeti, na huyo mwenzako wa waoga mwambie hivi. Mpira wa tenisi mnaozungushia tepu, wenyewe bila tepu ni kama gramu 58. Mpira wa ngozi wa wanaume wakubwa ni gramu 156 hadi 163, yaani karibu mara tatu, na una mshono mgumu katikati. Kwenye tepu umezoea kuuacha ukugonge bega unasugua kidogo unaendelea na maisha, sasa hiyo tabia ndiyo ninayoiogopa kwako kuliko kitu kingine. Halafu kama mnachezea kwenye mati juu ya zege mpira haulali, unadunda unapanda, mrushaji wa kawaida kabisa anageuka mtu wa kutisha.

Wazee wetu hawakuwa nazo. Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki (Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia pamoja) ilikwenda Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, wakasimama mbele ya John Snow, mrushaji wa Uingereza, bila helmeti, jamaa akachukua wiketi 4 (yaani akawatoa wapigaji wanne) kwa mikimbio (alama) 11 tu. Mashindano hayo hayo Jeff Thomson wa Australia aliwapeleka hospitali wapigaji wawili wa Sri Lanka kwenye mechi moja. Helmeti ilikuja kuonekana kwenye mechi za Test (zile ndefu za siku tano, nchi kwa nchi) mwaka 1978, Graham Yallop wa Australia aliyeivaa akazomewa na mashabiki wa Barbados. Waoga walianza kuitwa waoga siku hiyo hiyo ya kwanza, kwa hiyo usiumie.

Ila kuwa na helmeti ni jambo moja, ikukae ni jambo lingine. Mimi kuna mwaka niliazima ya mtu mwenye kichwa kikubwa, nikajiambia nitakaza mkanda wa kidevu basi. Ikaja baunsa (mpira unaodunda ukapanda hadi kichwani), sio kali hata, ikanigusa pembeni ya ile helmeti, mpira wenyewe haukuniumiza hata chembe, kilichoniumiza ni helmeti kuzunguka kichwani, grili (ule wavu wa chuma wa mbele ya uso) ikahamia puani nikawa naiona pichi kwa jicho moja huku damu inachuruzika na wenzangu wananiambia kimbia, kimbia, tunapata mkimbio mmoja! Kwa hiyo pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi, peleka hicho kipimo dukani. Ukiivaa bila kufunga mkanda tikisa kichwa, kinatakiwa kitembee na helmeti, sio kichwa kiende helmeti ifuate baadaye.

Na ukienda dukani beba mpira mfukoni. Kipimo changu ni hiki, chukua mpira uweke kwenye ule uwazi kati ya kibaraza cha helmeti na grili, usukume kwa dole gumba kwa nguvu zote. Ukipita au ukikaribia kupita achana nayo, hata kama nembo yake ni ile anayovaa staa wako. Muuzaji mmoja aliniambia grili inakazwa tu bosi, tunakunja kidogo. Grili haikunjwi! Ile nafasi imepimwa kiwandani, tafuta ndani kibandiko chenye BS 7928:2013, kiwango cha ubora cha Uingereza, hicho kinaangalia pia kama mpira unaweza kupenya pale mbele, kile cha zamani hakikufanya hivyo. Na ikishapigwa vizuri mara moja, hata kama huoni ufa, iage. Ndio maana mimi za mtumba sizigusi, hujui imeshapokea nini.

Ukibakiwa na chenji ongeza kile kikinga cha shingo kinachochomekwa nyuma. Phillip Hughes wa Australia, tarehe 25 Novemba 2014 pale Sydney, alikuwa na helmeti, alikuwa na mikimbio 63, mpira ukampata shingoni chini ya helmeti, akafariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 25. Vile vikinga vilikuja baada ya hapo.

Cha tatu glavu, na hapa ndio kushoto kwako kunahesabika. Glavu za mpigaji wa kulia na wa kushoto sio kitu kimoja, mkono unaokaa chini kwenye mpini wa bati (gongo la kupigia) ndio unapata kipigo, kwa hiyo vidole vyake vya kwanza na dole gumba vinawekewa kinga ya ziada, na kwako wewe huo ni mkono wa kushoto. Ukivaa za begi za kulia ile kinga nene inakaa kwenye mkono usiohitaji sana. Kidole kikibanwa kati ya mpira na mpini hakuna pa kukimbilia, kinavunjika kimya kimya, nakumbuka nilidhani nimeteguka, wiki nzima nakula ugali kwa mkono wa kushoto nikimwomba radhi mama. Na ujue mpira ukigusa glavu iliyoshika bati kisha ukadakwa, umetoka, kwa hiyo glavu kubwa zinazopepea zinakuongezea mahali pa kutolewa.

Pedi azima, tena bila aibu. Hakikisha tu goti linaingia katikati ya ule mto wa goti na vibano vya mikanda viko upande wa nje, kisha kimbia nazo mara mbili kabla ya mechi. Pedi ya paja hutaiomba leo, utaiomba jumatatu ukishindwa kupanda daladala. Mpaka ufike huko kipande cha godoro kilichokatwa vizuri ndani ya suruali, paja la mbele, kinasaidia kiasi. Kwako la mbele ni la kulia.

SWALI: Habari kocha. Binti yangu ana miaka 12, tuko Mombasa, anaipenda kriketi kupita maelezo. Je nimnunulie helmeti ya saizi ya juu ili aivae miaka mitatu minne? Na wasichana nao wanavaa boksi?

JIBU: Nzuri dada, na hongera kwa kumwacha acheze. Sare ya shule nunua kubwa, helmeti hapana. Tena kwake kuna jambo la ziada, mpira wa watoto ni mdogo, mzunguko wake sentimita 20.5 hadi 22 wakati wa wakubwa ni kama 22.4 hadi 22.9, kwa hiyo grili inayozuia mpira wa baba inaweza kuupitisha wa mtoto. Chukua ya watoto, na jaribu kwa mpira wao sio wa wakubwa. Boksi ndio wanavaa, lipo la kike, umbo lake tofauti kabisa, asipewe la kaka yake. Kinga ya kifua pia ipo ya kike. Pedi ndizo mtoto zinamsumbua kuliko vyote, zikiwa ndefu zinamgonga mapajani anakimbia kama bata, hapo anaishia kutolewa kwa kuchelewa kufika mwisho wa mbio, kwa hiyo afadhali za kuazima zinazomtosha kuliko mpya za kukulia.

SWALI: Kocha glavu zangu zinanuka mpaka mke wangu kazitoa nje, nizifue?

JIBU: Usizifue na usizianike kwenye jua kali, ile ngozi ya kiganjani inakauka inapasuka halafu unaanza kulalamika bati inateleza. Zikitoka uwanjani usizifungie begini, zitundike kivulini penye upepo, vidole vikiangalia chini. Wenye uwezo wanakuwa na pea mbili wanabadilisha. Na zile glavu nyembamba za ndani ndio unafua kila mechi, nina wasiwasi wewe huna kabisa. Shemeji yuko sahihi.