Chuma cha mshipani kwa anayesafishwa damu: majibu ya maswali yenu

Daktari, mume wangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tembe za chuma hazijamsaidia, sasa wanataka kumwekea cha mshipani. Ni lazima? (Mama, Kayole)

Mama, si kwamba amezimeza vibaya. Figo zikishindwa, homoni iitwayo hepsidini huongezeka mwilini na kuzuia utumbo kupokea chuma. Na kila akisafishwa, damu kidogo hubaki kwenye mipira na kichujio cha mashine. Cha mshipani hakipitii tumboni. Bila hicho, hata sindano ya erithropoietini, dawa inayouhimiza mwili kutengeneza damu, mnayonunua kwa shida haitaongeza damu ipasavyo.

Nasikia mtu anaweza kufa papo hapo. (Kijana, Kawangware)

Mzio mkali upo, ila ni nadra. Sifa hiyo mbaya ilitokana zaidi na chuma cha dekstrani cha zamani, chenye molekuli kubwa. Chuma cha sukrosi ni salama zaidi, ingawa hakuna aina isiyoweza kuleta mzio. Kifua kikibana, ukiwashwa, uso ukivimba au ukisikia kizunguzungu, mwite muuguzi hapo hapo, usione haya. Dozi iingie polepole, uangaliwe angalau dakika 30 baadaye. Mahali pasipo na adrenalini, dawa ya kutuliza mzio mkali, karibu, mtu asiwekewe chuma.

Chuma si chakula cha bakteria? (Msomaji, Umoja)

Bakteria hukihitaji, kweli. Kwa hiyo ukiwa na homa, au katheta (mpira uliowekwa mshipani wa kukuunganisha na mashine) inatoa usaha, sema kabla ya kuunganishwa kwenye mashine ili dozi ingoje. Lakini hofu isikunyime dawa. Utafiti wa PIVOTAL wa Uingereza, uliochapishwa 2019, ulifuata wagonjwa 2,141. Waliopewa miligramu 400 kila mwezi hawakupata maambukizi zaidi ya waliopewa kidogo, tena waliongezewa damu mara chache, jambo kubwa kwa anayengoja figo mpya, maana damu ya watu huzalisha kingamwili zinazoweza kuikataa. Kwao mshtuko wa moyo pia ulipungua. Ila walipimwa kila mwezi, na feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikizidi 700 dozi ilisitishwa. Hapo ndipo ninapowasihi: ulizeni feritini yenu ni ngapi. Kuwekewa chuma miezi nenda miezi rudi bila kipimo si matibabu.

Juisi ya bitiruti je? (Shosho, Dagoretti)

Usinywe, shosho. Ina potasiamu nyingi, nayo hulimbikizana hadi siku ya mashine na inaweza kusimamisha moyo. Ukitaka managu kidogo, yaliyochemshwa na maji yakamwagwa, zungumza na mtaalamu wa lishe wa kliniki yako kwanza.