Barua kwa mwanangu: kuhusu huyo mbwa mpole unayetaka kumchukua

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa furaha. Unasema umemwona mbwa kwa mama mmoja anayewalea kwa muda mbwa waliookolewa. Ni jike, umri wake unakadiriwa kuwa miaka minne, na mlipoingia alikuja mlangoni mkia ukimtikisika mpaka kiunoni, akamlamba mtoto mikono, kisha akajilaza miguuni pako kana kwamba mnajuana tangu zamani. Halafu unaniuliza mambo mawili: mbwa mzuri namna hii amekosaje mwenyewe, na je, umchukue?

Mimi nasema mchukue, ikiwa mwenzio naye ameafiki kwa moyo wake na si kwa kukuridhisha wewe. Ila kuna jambo nataka ulielewe kabla hajaingia kwako, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu nimewalea mbwa wa namna hiyo na nimeona wanavyotendewa.

Swali lako la kwanza lisikunyime usingizi. Mbwa wengi hupoteza makazi kwa mambo yasiyowahusu kabisa: mwenye mbwa amefariki au ameugua, familia imehamia nyumba isiyoruhusu wanyama, ndoa imevunjika, kipato kimekatika. Wengine hupotea na hakuna anayewatafuta. Majike hufukuzwa wakishika mimba, maana mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, na mtu asiyejiandaa hujikuta ghafla na watoto wa mbwa nyumba nzima. Kwa hiyo usidhani kwamba mbwa aliyeachwa lazima ana kasoro inayofichwa. Uliza historia yake, na kama haijulikani, ridhika na kumjua alivyo leo.

Na kumjua alivyo leo ndiyo faida yako kubwa, kwa sababu yupo katika nyumba ya watu na si katika banda la kituo cha kuhifadhia mbwa. Kwenye mabanda kuna kelele mchana kutwa, harufu za mbwa wageni, na watu wanaopita bila kukoma. Mbwa mchangamfu anaweza kunywea huko akaonekana mgonjwa, na mtulivu akaanza kuruka ukutani. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika vituo kadhaa vya Marekani. Walipima homoni ya msongo katika mkojo wa mbwa kabla ya kupelekwa kulala kwenye nyumba za watu, wakiwa huko, na baada ya kurudishwa. Ilishuka walipokuwa majumbani, ikapanda tena waliporudi kituoni. Usiku mmoja au miwili tu ulitosha kuleta tofauti. Huyo wako ameshakaa na familia, amelala ndani, amesikia vyombo vikigongana jikoni. Upole uliouona una mizizi.

Sasa nije kwenye lile jambo. Mbwa mpole ndiye anayekosewa zaidi. Mbwa mkali watu humwekea mipaka wao wenyewe: hawamshiki ovyo, hawamsogelei akila, humfundisha mtoto akae mbali. Mpole hufanyiwa yote hayo kwa sababu hangurumi wala hang'ati. Siku aliyofika anaitiwa majirani waje kumwona. Mtoto anamkumbatia shingo. Mgeni anamwinamia usoni. Anavumilia wiki, anavumilia mwezi, na siku akichoka akaonyesha meno, watu husema amebadilika bila sababu, au kwamba yule mlezi aliwadanganya.

Nilikuwa namlea dume mmoja mweusi ambaye kila aliyekuja alimsifu. Wageni wakikaa, anawapitia mmoja mmoja na kuwawekea kichwa mapajani. Siku moja nikaacha mazungumzo nikamtazama yeye tu. Mkia ulitikisika, lakini ulikuwa chini na unakwenda harakaharaka. Masikio ameyalaza nyuma. Mkono ukimshika utosini, anageuza uso pembeni, analamba pua mara moja kwa wepesi, kisha anapiga miayo. Weupe wa jicho ulionekana kwenye kona. Nilipomwita akaja mbio, akajikung'uta mwili mzima ingawa hakuwa na tone la maji, akaenda kulala nyuma ya kiti changu. Hakuwa na usingizi. Wale watu walikuwa wamemzidi, na alikuwa analisema jambo hilo kwa kila njia aliyonayo.

Jifunze kuziona ishara hizo. Miayo isiyo ya usingizi, kulamba midomo pasipo chakula, kugeuza kichwa, mwili kukakamaa ghafla, mguu mmoja wa mbele kuinuliwa, kupumua kwa mdomo wazi kisha kufunga mdomo ghafla. Ukitaka kujua kama anapenda kuguswa, mkune kifuani au ubavuni kwa sekunde chache kisha toa mkono. Akisogea na kukusukuma kwa pua, endelea. Akibaki alivyo au akitazama kando, mwache. Mfundishe mjukuu wangu hivyo hivyo. Mtoto wa umri wake anaweza kabisa kuelewa kwamba mbwa ndiye anayejibu. Na akinguruma, tafadhali usimgombeze. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kung'ata bila kuonya. Wewe mwondoe mtoto kwa utulivu, kisha tafuta kilichomkera.

Mtoto na mbwa wasiachwe peke yao chumbani, hata kwa dakika ya kwenda kuchukua kitu. Sisemi hivyo kwa sababu namshuku mbwa huyo. Nasema hivyo kwa mbwa yeyote, hata angekuwa amezaliwa mikononi mwako. Akila, hasogelewi. Akiwa kwenye tandiko lake, haguswi. Hapo pawe mahali pake pa kukimbilia, na mtoto akijua hivyo kuanzia siku ya kwanza mtakuwa mmemaliza nusu ya matatizo.

Kabla ya kuweka sahihi, rudi kwa huyo mama mara nyingine, saa tofauti na ile ya kwanza, na mwende wote mnaoishi nyumba moja. Muulize usiku unakuwaje. Muulize mbwa anafanya nini ngurumo zikipiga, akikutana na paka, akipanda gari, akinyang'anywa kitu alichokiokota. Zaidi ya yote, muulize anakuwaje akiachwa peke yake. Mbwa anayemganda kila mtu kwa mapenzi wakati mwingine ndiye asiyeweza kabisa kubaki nyumbani bila mtu: analia, anatafuna mlango, anajikojolea. Ninyi wawili mnatoka asubuhi, kwa hiyo hili kwenu ni kubwa kuliko yote. Mwombe aache simu ikirekodi siku akitoka, mtazame pamoja. Mlezi mwema hatakasirika. Hao ndio watu wanaotaka ujue, kwa sababu hawataki mbwa arudishwe.

Jambo jingine watu hulisahau: je, pale ana mbwa wenzake? Mbwa mmoja anaweza kuonekana jasiri na mwenye furaha kwa sababu yupo mkubwa anayemfuata. Mkubwa huyo akitangulia mlangoni, naye anamfuata. Mgeni akikaribishwa na yule, naye anakaribisha. Kwako atakuwa peke yake. Omba mtembee naye nje bila wenzake na umtazame. Akisita kidogo si kosa, ila ujue utakuwa unamjengea ujasiri wewe.

Afya nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa daktari wa mifugo atakueleza vizuri kuliko mimi. Taka cheti cha chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, na zile za distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakiponi, kwa mbwa wala kwa mtu, na ndiyo maana chanjo hiyo haina mjadala. Na kwa kuwa tumelitaja: mtu yeyote akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote asiyejulikana, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Uliza kama jike huyo amefungwa kizazi, dawa ya minyoo alipewa lini, na kinga ya kupe na viroboto anapewa ipi. Kama anatoka sehemu yenye mbu wengi, apimwe minyoo ya moyo, na kipimo kirudiwe baada ya miezi sita kwa sababu maambukizi mapya hayaonekani mara moja. Ikiwa ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisha ile namba yake ya tarakimu 15 imehamishiwa jina lako na simu yako. Chipu yenye simu ya mtu mwingine haitamrudisha kwako.

Siku ya kumleta, hofu yangu iko kwenye mlango. Mbwa wageni hutoroka katika siku za mwanzo kuliko wakati mwingine wowote: mlango wa gari unafunguliwa, kuna kishindo, amekwenda, na hajui bado kwao ni wapi. Mvishe mkanda wa shingoni na mwingine wa kifuani, kila mmoja na kamba yake, na uzishike kamba zote mbili mkononi mpaka mlango wa nyumba ufungwe nyuma yenu. Hata uani asitoke bila kamba kwa majuma ya kwanza. Ikitokea amekuponyoka, usimkimbize. Mbwa mwenye hofu akikimbizwa huenda mbali zaidi. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, zungumza kwa sauti ya chini, na umpigie yule mlezi haraka, kwa kuwa sauti yake ndiyo anayoijua.

Muombe pia huyo mama tandiko au kitambaa alichokilalia, na usikifue. Chukua chakula kile kile anachokula sasa, ukitaka kukibadilisha changanya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, la sivyo ataharisha na utadhani ni ugonjwa.

Kisha mwache apumzike. Watu wanaookoa mbwa hupenda kusema siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za kutoa mshangao, wiki tatu za kushika ratiba, miezi mitatu ya kujihisi yupo kwake. Si sheria, wengine huwahi na wengine huchelewa, lakini inasaidia kukutuliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa huyu, siku ya tatu ndiyo kwanza ataanza kuinua macho. Anaweza kulala kutwa. Anaweza kukataa kula. Anaweza kuja kwa kila mtu kama ulivyomwona, na hapo ndipo nakuomba uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu ataonekana ameshazoea wakati bado anajikaza. Usimwogeshe siku hiyo kama si lazima. Usimpeleke sokoni wala kwenye sherehe. Mlishe saa zile zile, mtembeze njia ile ile, na kuanzia mwanzo mwache peke yake dakika chache, urudi bila shamrashamra, kisha ongeza muda kidogo kidogo.

Wiki ya tatu au ya nne usishangae akianza kubweka mlangoni au kukataa jambo alilokuwa akilikubali. Hapo ameanza kujisikia salama kiasi cha kusema asichokipenda. Mpigie mlezi, mwulize, mtalimaliza.

Na ikishindikana kabisa, maana yawezekana, mrudishe kwa huyo mama. Usimpe rafiki wa rafiki, usimtangaze. Hakikisha maneno hayo yamo kwenye makubaliano mnayoweka sahihi. Hakuna aibu katika kurudisha mbwa mahali anapojulikana. Aibu ni kumtupa tena. Lakini fikiri pia kinyume chake, kwamba itafanikiwa: mbwa wa ukubwa wake huishi miaka 10 hadi 13, wengine zaidi. Akiwa na minne sasa, atakuwa mzee wa hatua za polepole wakati mjukuu wangu anaingia ujana. Muda huo wote atahitaji chanjo, daktari, na mtu wa kubaki naye mkisafiri. Kaeni chini na mwenzio mlihesabu hilo kabla ya kusema ndiyo.

Niandikie huyo mama akikujibu kuhusu usiku na kuhusu kuachwa peke yake. Hayo mawili ndiyo ninayoyasubiri. Mkishamchukua, natamani sana kuja kumwona, lakini nitakaa kwangu mpaka mwezi wa kwanza uishe. Nikija sitamwita. Nitakaa kwenye kiti na kuzungumza nanyi, naye akitaka atakuja mwenyewe.

Mama yako