Ukianza kuongoza wageni: ua la Usambara na kima punju

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, mimi nilitembeza wageni Amani, kwenye milima ya Usambara, miaka sita kabla ya kuvuka maji kuja Jozani, msitu wa Unguja. Mwanzoni nilikuwa nasema "viumbe walio hatarini" kana kwamba wote wanaumwa ugonjwa mmoja.

Chukueni Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Sasa limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Mgeni atakuuliza, "Mbona mama yangu analo jikoni?" Usibishane. Mpeleke kwenye jabali lenye unyevu, ainame aone majani yenye vinyweleo yalivyong'ang'ania ufa. Kisha mwambie atazame juu, kwenye mti unaolipa kivuli. Mti ukikatwa, jabali hukauka na ua likafa bila mtu kuligusa.

Mimi niliteleza hapohapo. Jani lake moja ukilipanda linatoa mche, basi nikamchumia mama mmoja. Kugeuka, nyuma yake kuna watu kumi na mmoja, mikono imenyooshwa.

Kima punju hana jani la kupanda. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita kama miaka miwili au zaidi kabla ya mwingine. Kwao ni Unguja. Pemba wapo wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi na watu. Sensa ya miaka ya 2010 ilikuta zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, ila dunia nzima ndio hao.

Na tofauti na ua, huyu hutafuti: anakufuata. Anakula majani machanga ya miti ya mkungu na mwembe, halafu anashuka kuiba mkaa, anautafuna kama mtu anayekula andazi. Mkaa hupunguza makali ya sumu ya majani yale. Simulieni hilo polepole, wageni wakiwa wamesimama mbali, kwa sababu wakishajua wanataka kumshika, na mafua yetu yanaweza kumwambukiza.

Vifo vingine ni vya barabarani. Matuta ya Jozani yamesaidia sana, lakini dereva mwenye haraka huyaruka. Zungumzeni naye mapema, kabla hamjatoka hotelini.