Jibu: Volti 13.8 zinashuka redio ikianza kurusha

Habari mkuu. Umesema pawasaplai yako ya LM317 (IC inayodhibiti volti) na 2N3055 mbili (transista za nguvu) inatulia kwenye volti 13.8, ila ukirusha, redio ikivuta ampea 10, inashuka hadi 11 na sauti inavuma.

Transista ziache kwanza. Tatizo naliona kwenye kapasita baada ya daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC). Kwa umeme wa hezi 50, maikrofaradi 10,000 ulizoweka zinaruhusu volti zipande na kushuka kwa karibu 8, hivyo LM317 inakosa volti za ziada juu ya 13.8 inazohitaji ili kudhibiti. Mimi huweka 47,000. Pima kwenye kapasita hiyo kwa skeli ya AC wakati unarusha.

Kila emita (mguu wa kutolea mkondo wa 2N3055) ina rezista yake ya omu 0.1? Na transfoma ni ya volti ngapi?

Tafadhali funga fyuzi na thairista ya kinga (inayoshoti pawasaplai volti zikizidi ili fyuzi iungue) kabla hujaunganisha redio tena. 2N3055 ikishoti, volti zaidi ya 20 zinaingia kwenye redio moja kwa moja.